Asubuhi Tatu Kwenye Mkeka wa Mshona Barakoa

Nilimweka mwanangu juu ya meza ya mkuu wa chuo, juu ya karatasi zake, nikamwambia, "Mshike. Mie nakwenda kuandika."

Mtoto alikuwa na miezi minane. Alichukua kalamu ya mkuu akaitia mdomoni. Mkuu alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga kabati, mikono juu, kama mtu aliyemwagiwa chai.

Nilikuwa nimeanza kwa adabu. Niliingia na shikamoo, akaniitikia marahaba, akauliza hali ya mume wangu kule Sur, akaagiza kahawa. Yeye ni mtu wa Unguja, aliondoka huko kijana, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, laini, cha kumlaza mtu. Mie ni wa Tabora. Nilizaliwa huko, nikaletwa Nizwa, huku Oman, nina miaka tisa, nikamaliza sekondari kwa Kiarabu, nikaolewa Ibra. Kwa muda wa miezi mitatu kila nilipokwenda kwake na shida yangu alinijibu kwa Kiswahili hicho, na kila mara nilitoka nimetulia. Nikifika nyumbani ndipo nakumbuka kwamba sikupewa kitu.

Siku ile aliniambia, "Mwanangu, una mtoto wa kunyonya. China utakwenda kufanya nini? Mwachie mwenzio. Kisa ni kisa tu. Jina ni wino."

"Kama ni wino tu, futa lake uandike langu."

Akacheka kidogo. "Nyinyi watu wa bara mna hasira za karibu."

Ndipo nilipomweka mtoto mezani.

Mwaka ule chuo hicho cha binafsi kilifungua kozi ya biashara kwa kushirikiana na chuo kimoja cha China. Tulisoma baada ya sala ya alasiri, siku tatu kwa wiki. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike kisa cha kufundishia: hadithi ya kweli ya mfanyabiashara mmoja wa hapa kwetu. Kisa kitakachoshinda kitaingia kwenye kitabu cha kusomeshea huko China, na mwandishi wake atakwenda huko wiki tatu. Nilitaka jina langu liwe ndani ya kitabu hicho, na mie niwe ndani ya ndege hiyo. Sikuwa na tamaa nyingine.

Mtu atauliza, mwanamke mwenye mtoto mchanga anatafuta nini kwenye biashara ya Wachina. Nyumbani kwetu beseni lilitoka China, na chupa ya chai, na kitanda cha mtoto, na hata mkeka wa kusalia. Nilitaka kujua watu waliotengeneza vitu vyote vilivyonizunguka wanafikiri nini. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilikuwa nakaribia kusahau kusema.

Mume wangu alifanya kazi kwenye mtambo wa gesi upande wa Sur. Alirudi Jumatano jioni, akaondoka Ijumaa. Siku zilizobaki nilikuwa na mama mkwe wangu, mwanamke mwema asiyependa maneno, na lango la chuma, na mtoto. Kiswahili nilikisema na mtoto peke yake. Mama mkwe hakukijua, na alipokisikia aliuliza kwa upole kwa nini namfundisha mtoto lugha ambayo hataitumia popote. Mama yangu alikuwa Nizwa, na kadi ya simu haichukui muda kwisha. Kuna siku nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kopo la maziwa, ili nisikie mtu mzima anasema.

Mume wangu alisema, "Soma. Angalau utatoka."

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kichina, umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, viatu vya kitambaa. Alifundisha kwa Kiingereza cha polepole ambacho sote tulikifuata. Siku ya kwanza aliinua kitabu kinene, tafsiri ya kitabu cha Kimarekani, akakiweka chini sakafuni.

"Tumefundisha kwa hiki miaka mingi," alisema. "Mwanafunzi wangu anajua kwa nini kampuni ya Amerika ilifunga kiwanda chake. Mama yake anauza uji njiani tangu yeye hajazaliwa, na mwanafunzi hajui kwa nini wateja hawamkimbii mama huyo."

Kisha akatuambia kwamba elimu ya biashara ya nchi yake imefika penye njia panda. Njia moja inakwenda kwa mabosi. Wanakuja na magari makubwa, wanabadilishana kadi, wanasinzia, wanapewa shahada, na chuo kinapata marafiki. Njia ya pili ni kushuka sokoni, kukaa chini na kuandika unachokiona mpaka nchi iwe na vitabu vyake yenyewe. "Sijui tutashika ipi," alisema. "Wengi wanapenda ya kwanza. Ina viti vizuri."

Mwanafunzi mmoja, meneja katika kampuni ya mjomba wake ya pampu za maji, akainua mkono. "Mwalimu, mimi ni bosi. Sasa nikalale wapi?"

"Lala hapo hapo. Lakini usikorome."

Tulicheka darasa zima. Nilikuwa sijacheka na watu kwa muda mrefu, nikaona aibu kidogo kwa namna sauti yangu ilivyotoka.

Wakati wa mapumziko nilikuwa namnyonyesha mtoto katika chumba cha walimu, na yeye alikuwa anakaa pembeni na chai yake isiyo na sukari. Alikuwa amemwacha binti yake kwa bibi yake tangu binti ana miaka saba, akaenda kusomesha miji ya mbali. Sasa binti ni mtu mzima na humwita kwa cheo, kama anavyoitwa na wanafunzi.

Aliniuliza, "Unazungumza na nani mchana kutwa?"

"Na huyu."

"Mimi nazungumza na friji," alisema. "Huyo wako anajibu zaidi kuliko friji yangu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kisa hakimalizwi. Unamfikisha msomaji mahali ambapo muuzaji lazima aamue, kisha unamwacha hapo hapo. Ukimpa jibu umemnyang'anya somo.

Nilijua pa kwenda. Ibra kuna soko la Jumatano, soko la wanawake. Mwanamume haingii. Hata anayemleta mama yake kwa gari husimama nje ya ukuta na kusubiri na injini yake. Ndani wanawake hukaa kwenye mikeka na manukato, udi, wanja, vitambaa, na wanakaa wanavyotaka, kwa sababu hapana wa kuwaona.

Kulikuwa na bibi mmoja wa kibedui aliyekuja kutoka mchangani kila Jumatano. Alishona barakoa, kile kitambaa cha nili, cheusi kinachong'aa, cha kufunika uso, chenye kijiti chembamba kinachosimama juu ya pua. Hakuwa na futi wala chaki. Mteja alivua barakoa yake kuukuu, bibi akaweka kidole gumba kwenye nyusi zake na kidole cha kati kwenye ncha ya pua, akafumba macho, khalas, kipimo amekishika. Wanawake walimfuata kutoka Sinaw na kutoka Jalan. Aliwapima mama, kisha binti zao, kisha wajukuu.

Mwaka ule zilianza kuingia barakoa za mashine kutoka China, zimepitia Dubai, ndani ya mifuko ya plastiki, saizi moja kwa nyuso zote. Wasichana walizipenda, kwa sababu hazichuji rangi usoni. Muuzaji wa jumla alimpa bibi mfuko mzima, pale nje ya ukuta, aupange mkekani. Bibi aliuweka nyuma yake, chini ya shela, na kwa Jumatano tatu hakuufungua wala hakuurudisha. Hicho ndicho kisa changu. Aupange, au aurudishe?

Nilimwomba ruhusa. Nilimwita habuba, kama wanavyowaita bibi zao huku, nikamweleza kwamba kuna watu China watasoma habari zake. Alifikiri sana.

"Hao wanaoshona kwa mashine?"

"Hao hao."

"Andika mikono yangu, basi. Waone. Nyuso usiandike."

Nikakubali. Asubuhi tatu nilikaa kwenye mkeka wake na mtoto mapajani. Asubuhi ya tatu, jua limepanda, bibi alivua barakoa yake mwenyewe ajipanguse jasho. Uso wake ulikuwa na rangi mbili. Palipofunikwa miaka yote palikuwa na ubuluu wa nili ya kitambaa, umeingia kwenye ngozi, na pembeni palikuwa pameungua na jua. Alikuwa kama amevaa barakoa hata alipoivua. Alinitazama akatabasamu, meno mawili. Nilirudi nyumbani nikaandika uso ule. Aya moja, ya tatu. Nilijiambia nitaifuta baadaye.

Mwalimu alisoma daftari langu na kalamu nyekundu. Kando ya aya ya tatu aliandika: "Kisa chote kiko hapa." Sikumwambia kwamba niliahidi. Nilitaka kushinda. Basi aya ikabaki.

Sikuwa na kompyuta. Yule meneja wa pampu alisema, "Nipe nikupigie chapa, ukhti, utachelewa." Alikuwa mtu mpole, akimletea mtoto tende. Nikampa nakala. Mwezi huo huo mwalimu aliitwa kwao ghafla. Chuo chake kilipata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi alikuja Ibra mwenyewe na koti zuri, akatuambia kwamba mwelekeo sasa ni viongozi wa makampuni, kwamba visa vitakuwa na uzito zaidi vikiandikwa na watu wenye vyeo. Nilimsikia. Sikuelewa kwamba ananisema mie.

Kitabu kidogo cha visa kilipotoka, kwa Kiingereza na Kiarabu, kisa cha kwanza, kilichoshinda, kilikuwa changu. Jina lilikuwa la meneja. Nilikisoma nimesimama kwenye ukumbi wa chuo. Hakubadilisha kitu. Hata yale maneno, "nilikaa asubuhi tatu kwenye mkeka wake", aliyaacha kama yalivyo.

Nilimkuta kwenye gari lake.

"Nilikusitiri," alisema. Wallahi, ndivyo alivyosema. "Ningeandika jina lako, watu wangesema mke wa fulani anazurura sokoni na kalamu. Nimejitwika mimi."

"Na wewe ulikaa wapi asubuhi tatu?"

Akatazama usukani. "Nani atasoma mpaka huko?"

Walisoma. Chuo kilifanya hafla, na mkuu, kwa sauti yake ile laini, alichagua aya ya kuwasomea wageni. Alichagua ya tatu, bila shaka, ndiyo nzuri. Wanaume walikuwa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Mie nilikuwa nyuma ya pazia na mtoto begani. Niliwasikia wanawake wakinyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka pakawa hapana hata sauti ya vikombe.

Jumatano iliyofuata nilikwenda sokoni. Bibi alikuwa mahali pake. Mfuko wa barakoa za mashine ulikuwa bado nyuma yake. Nilitoa salamu, akaitikia, kwa sababu salamu huitikiwa. Kisha akaendelea kushona.

"Habuba."

"Nimesikia uso wangu umesomwa mbele ya wanaume."

"Nimeandika mie. Si yeye."

"Wamesema mwanamume." Akakata uzi kwa meno. "Wenzangu wanauliza aliingiaje. Wanatazamana chini ya shela. Mwanamke wa Jalan hakutaka kuvua nimpime."

Nilitaka kumwambia zaidi. Lakini aliinuka, akashika mkeka wake kwa ncha mbili, akaugeuza, akakaa upande wa pili akitazama ukuta. Wanawake wa mikeka ya jirani wakajishughulisha na vitu vyao. Mtoto wangu alinyoosha mikono kumfuata, maana alimzoea. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kununua, kisha nikatoka.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pekee pa kukaa na watu. Nilipapoteza kwa aya moja.

Nilimwandikia mwalimu barua pepe kutoka duka la intaneti. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi, fupi. Alisema hana tena sauti kwenye mpango ule, kwamba viti vizuri vimeshinda, kwa sasa. "Tunza daftari lenye wino wangu mwekundu," aliandika. "Msalimie huyo unayezungumza naye." Hakusema kitu kuhusu friji.

Nikaanza kwenda kwa mkuu. Mara tano, mara sita. Marahaba, kahawa, mwanangu.

Kwa hiyo siku ile nilimwachia mtoto, nikaingia chumba cha pili kilichokuwa na meza tupu, nikaandika. Nilimsikia mkuu upande wa pili wa ukuta. Kwanza alimwita mtumishi, na mtumishi hakuja. Kisha mtoto akalia. Kisha nikasikia mzee yule anaimba wimbo wa kubembelezea wa kwao, taratibu, na mtoto akanyamaza. Mwanangu alikuwa hajapata kusikia Kiswahili kutoka kwa mtu mwingine. Nilitaka kulia na nilitaka kuvunja kitu, nikaendelea kuandika.

Nilipokwenda kumchukua, mkuu alikuwa ameloa mate begani. Hakunitazama. "Unaipeleka wapi?"

"Kwa wanaokusimamia."

"Tungeyamaliza sisi kwa sisi, mwanangu. Nani mwengine tunaye huku?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Shikamoo," nilisema, nikaondoka.

Usiku wake mume wangu alipiga simu. Nilimsomea nilichoandika, akasema, "Tia na jina langu, wasije wakasema hukuruhusiwa." Nikamwambia hapana. Jina moja linatosha kugombaniwa. Mama mkwe alikuwa amekaa pale, anasikia upande wangu. Jumamosi asubuhi, afisi zilipofunguliwa baada ya mapumziko ya wiki, nilipovaa abaya yangu alinyoosha mikono, akamchukua mtoto bila neno, na nilipofika langoni nikamsikia anamwambia kwa Kiswahili kibovu, "Mama atakuja." Sijui alikiokota lini.

Malalamiko niliyapeleka kwenye afisi ya wizara inayosimamia vyuo vya binafsi. Niliyaandika kwa Kiarabu. Karani aliyapiga muhuri mbele yangu. Haya hapa kwa Kiswahili, bila kupunguza.

Kwa mheshimiwa mkuu wa idara. Baada ya salamu na heshima.

Mimi ni mwanafunzi wa kozi ya biashara katika chuo cha hapa Ibra. Nalalamika kwamba kisa cha kwanza katika kitabu cha visa vya kozi hiyo nimekiandika mimi na kimetolewa kwa jina la mwanafunzi mwingine, mwanamume, ambaye pia amepewa nafasi ya safari ya masomo iliyokuwa ya mwandishi. Nimemweleza mkuu wa chuo mara nyingi na sikupewa jibu kwa maandishi.

Naambatanisha daftari langu. Lina mwandiko wangu, alama nyekundu za mwalimu, na maziwa ya mtoto ukurasa wa nne.

Ushahidi mwingine hauhitaji daftari. Kisa kinasema mwandishi alikaa asubuhi tatu ndani ya soko la Jumatano, kwenye mkeka wa mshona barakoa, na kwamba alimwona amevua. Naomba mwanafunzi huyo aitwe aulizwe swali moja: alikaa? Akisema ndiyo, mjini hapa hana pa kuweka uso wake. Akisema hapana, kisa si chake.

Naomba jina lake liondolewe na langu liwekwe. Naomba nafasi ya safari nirudishiwe, na nitakwenda na mtoto wangu, ambaye alikuwepo kwenye mkeka siku zote tatu na hakuwazuia watu kufanya biashara.

Naomba pia aya ya tatu ifutwe katika nakala zote, za hapa na za China. Ndiyo aya bora. Mwenye uso alinikataza nisiiandike, nikaandika. Kosa hilo si la chuo wala si la mwanafunzi huyo. Ni langu. Na hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka jina langu liwe pale: mwenye kisa ndiye anayepaswa kwenda kumwomba radhi, na yule aliyepewa kisa haruhusiwi kuingia sokoni.

Mpaka jina litakapobadilishwa, wanawake wa soko wataendelea kuamini kwamba aliingia mwanamume. Naomba jibu kabla ya Jumatano.